Ridandansi: Maana Yake kwa Mainjinia, na Kwa Nini Mashine Mbili Si Lazima Zikuokoe

Ukitaja neno "ridandansi" hapa Kenya, wasee wengi wanashtuka. Wanawaza barua ya kufutwa kazi. Na hawajakosea, juu Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inalitumia hivyo: nafasi yako haihitajiki tena, kwa hivyo mwajiri akupe notisi ya mwezi mmoja na malipo ya angalau siku 15 kwa kila mwaka uliochapa kazi.

Lakini kwa mainjinia, neno hilo hilo ni sifa. Mtambo usio na ridandansi ndio unawanyima usingizi.

Maana yake

Ridandansi ni kuweka mashine ya ziada ya kufanya kazi ileile, ili moja ikizima, nyingine ishike. Ziko aina tatu unazofaa kujua.

Ya kwanza, zote ziko kazini pamoja. Angalia magurudumu ya nyuma ya lori, yale yamepangwa mawili mawili. Moja likipasuka, mwenzake anabeba mzigo pole pole hadi kwa fundi.

Ya pili ni stendibai moto. Mashine ya pili imewashwa, inafuata kila kitu, inangoja tu kuchukua usukani.

Ya tatu ni stendibai baridi. Mashine imezimwa hadi mtu aiwashe. Ule mtungi wa pili wa gesi ulio nyuma ya mlango wa jikoni ni hiyo. Ugali utangoja kidogo, lakini utaiva.

Inavyoandikwa

Mainjinia hutumia herufi N kumaanisha idadi ya mashine zinazotosha kazi. Tuseme hospitali inahitaji jenereta 2 stima ikipotea. Ikiwa na 2 tu, hiyo ni N, hakuna ridandansi. Ikiwa na 3, ni N+1. Ikiwa na 4, yaani seti nzima mara mbili, ni 2N.

Kwa hivyo ukiskia injinia akisema "pampu ziko N+1", ujue moja inaweza kwenda kwa fundi na maji bado yapande juu. Akisema "hapa hakuna ridandansi", anamaanisha kifaa kimoja kikikufa, kila kitu kimesimama.

Hesabu tamu, na mtego wake

Tuseme mashine moja ina nafasi 1 kwa 100 ya kugoma leo. Mbili kugoma pamoja inakuwa 1 kwa 10,000. Tamu sana. Shida ni kwamba hesabu hiyo inafanya kazi tu kama kinachoua moja hakiwezi kuua nyingine.

Chukua simu ya laini mbili. Kama zote ni za mtandao mmoja, mtandao ukipotea uko na laini mbili za kuangalia tu. Hiyo ni nakala, si ridandansi.

Wakubwa pia wameingia kwa huu mtego. Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ulaya, Ariane 5, ilirushwa kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa. Ilikuwa na kompyuta mbili za kuielekeza, zinafanana kila kitu hadi programu. Programu hiyo ilitolewa kwa Ariane 4, na nambari moja ikawa kubwa kuliko nafasi iliyotengewa. Ile ya stendibai ikazima kwanza. Ile kuu ikafuata kabla hata sekunde moja kuisha, juu ilikuwa na kosa lilelile. Roketi ikalipuka kama sekunde 40 hivi baada ya kuwaka.

Dawa yake? Usiweke mapacha watupu. Vyombo vya anga vya Marekani, Space Shuttle, vilibeba kompyuta 5. Nne ziliendesha programu moja, na ya tano ikapewa programu iliyoandikwa kando.

Kuwa nayo na kuitumia ni vitu viwili

Usiku wa 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima. Pale JKIA, jenereta iligoma kuwaka na abiria wakakaa gizani, hadi aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, Kipchumba Murkomen, akaomba radhi. Stendibai isiyowaka siku ya shida ni chuma tu.

Na kuna ile inayouma zaidi. Ndege ya Ethiopian Airlines, ET302, aina ya Boeing 737 MAX, ilianguka 10 Machi 2019 ikitoka Addis Ababa kuja Nairobi. Watu wote 157 walifariki, 32 kati yao Wakenya. Ndege hiyo ilikuwa na sensa mbili za kupima pembe ya ndege dhidi ya upepo, lakini programu ya MCAS ilisikiza moja tu. Sensa hiyo ikatoa vipimo vya uongo, na programu ikaanza kusukuma pua ya ndege chini. Ya pili ilikuwepo. Haikuulizwa. Programu ilirekebishwa baadaye ili ilinganishe zote mbili.

Kwa hivyo mtu akikuambia "usijali, tuko na mbili", iwe ni keateka wa ploti au meneja wa hospitali, muulize vitu vitatu. Ni nini kinaweza kuziangusha zote mara moja? Ya pili inaingia vipi kazini? Na mara ya mwisho kuijaribu ilikuwa lini?