Barua ya Pili: Kampuni za Simu, Dola na Faragha Bujumbura

Mwishoni mwa Aprili 2015, siku chache baada ya chama tawala, CNDD-FDD, kumpitisha Rais Pierre Nkurunziza agombee muhula wa tatu, WhatsApp, Facebook, Twitter na Viber ziligoma kwenye simu za wakazi wa Bujumbura. Agizo lilitoka ARCT, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini Burundi, likaenda kwa kampuni za simu, nazo zikatii. Waandamanaji wa mitaa ya Musaga na Nyakabiga wakazoea VPN, na mjadala wote ukageukia uhuru wa kusema, hasa baada ya vituo vya redio vya RPA, Isanganiro, Bonesha na Renaissance kushambuliwa na kunyamazishwa katikati ya jaribio la mapinduzi la mwezi Mei. Swali la pili halikupata nafasi. Kampuni inayozima huduma kwa barua moja, ikiletewa barua ya pili itakabidhi nini? Orodha ya simu zilizopigwa? Mnara uliohudumia simu ya fulani saa tatu usiku? Na barua hiyo ya pili, nani ana haki ya kuiona?

Kwingineko swali hilo limekuwa kampeni kamili. Januari 2013 watetezi wa faragha, wakiwamo Electronic Frontier Foundation na Wanahabari Wasio na Mipaka, waliiandikia Microsoft barua ya wazi wakiitaka ieleze serikali zinaomba nini kuhusu watumiaji wa Skype, huduma yake ya simu za mtandaoni. Machi mwaka huohuo kampuni ikatoa ripoti yake ya kwanza. Juni zikafuata nyaraka za siri za upelelezi wa Marekani zilizovujishwa na Edward Snowden, na tangu hapo ripoti za uwazi zimekuwa desturi ya kampuni kubwa za Marekani.

Kwa Afrika Mashariki, tukio zito zaidi lilikuja Juni 2014, kampuni ya simu ya Vodafone ilipochapisha ripoti iliyogusa nchi 29. Chini ya Tanzania iliandikwa 98,765: hayo ni maombi ya data za mawasiliano kwa mwaka mmoja, kwa kampuni moja tu. Namba hiyo ilistahili kuwashtua Watanzania kuliko ilivyowashtua. Lakini ripoti ileile ilikuwa na maelezo mafupi yenye uzito kuliko takwimu zake zote: katika nchi chache, ambazo Vodafone haikuzitaja, dola imejiunganisha moja kwa moja na mtandao na haina haja ya kuomba chochote. Kisichoombwa hakihesabiki. Katika jedwali, nchi ambayo wapelelezi wake wanajichotea wenyewe inaweza kuonekana safi kuliko nchi ambayo polisi wake wanapiga hodi kwa hati ya mahakama.

Hapo ndipo kampeni ya uwazi, kama ilivyozoeleka Ulaya na Marekani, inapogonga mwamba Bujumbura. Kampeni hiyo ilifaulu kwa sababu kampuni ziliogopa aibu mbele ya wateja, wanahisa na mahakama. Nchini Burundi, Onatel ni mali ya serikali. Lumitel, iliyoingia sokoni 2015, ni tawi la Viettel, kampuni iliyo chini ya wizara ya ulinzi ya Vietnam. Kuitaka kampuni ya jeshi ione haya kwa kushirikiana na idara ya upelelezi ya nchi nyingine ni kazi ngumu kidogo. Anabaki Econet Leo, ambaye leseni yake iko mikononi mwa wale wale wanaomwandikia barua.

Sheria yenyewe haikosekani. Ibara ya 43 ya katiba inakataza kuingiliwa faragha, familia, makazi na mawasiliano ya mtu kiholela, na inalinda siri ya barua na mawasiliano kwa masharti yatakayowekwa na sheria. Masharti hayo ndiyo yaliyopanuka. Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai ya Mei 2018 iliruhusu upekuzi wa usiku bila hati katika mazingira fulani, pamoja na kunasa mawasiliano ya kielektroniki. Machi 2022 ikaja sheria ya makosa ya mtandao. Anayesoma maandishi haya yote kwa pamoja atajua dola inaruhusiwa nini. Hatajua imefanya nini.

Kinachojulikana kimetoka mahakamani, na mahakama zimefichua njia nyingine kabisa. Oktoba 2019 waandishi wanne wa gazeti la Iwacu walikamatwa wakielekea Bubanza kuripoti mapigano. Ushahidi uliotegemewa ulikuwa ujumbe wa WhatsApp, mzaha ambao mmoja wao alimtumia mwenzake kuhusu kwenda kuwasaidia waasi. Januari 2020 kila mmoja alihukumiwa miaka miwili na nusu, na wakatoka kwa msamaha wa rais mwishoni mwa mwaka huo. Germain Rukuki, mtetezi wa haki za binadamu, alihukumiwa miaka 32 mnamo 2018, na barua pepe zilikuwa sehemu ya ushahidi dhidi yake. Baadaye adhabu ilishushwa hadi mwaka mmoja. Mwanahabari Sandra Muhoza alikamatwa Ngozi Aprili 2024 kwa maneno aliyoyaandika katika kundi la WhatsApp la wanahabari, akahukumiwa miezi 21 Desemba mwaka huohuo.

Tangu 2016 ujumbe wa WhatsApp umefungwa kwa usimbaji ambao hata mwenye huduma hawezi kuufungua akiwa katikati ya njia. Mwisho wa njia ni habari nyingine: pale kuna simu iliyo mkononi mwa mshukiwa, na kundi lenye wanachama wengi wasiojuana vizuri. Kwa hiyo hata kama safu ya Burundi katika ripoti ya mmiliki wa WhatsApp ingesomeka sifuri, msomaji asishangilie. Sifuri hiyo ingehesabu barua zilizofika California. Simu zilizofunguliwa kwenye kituo cha polisi au katika ofisi za upelelezi, ambazo wazee wa mji bado wanaziita kwa jina la zamani, Documentation, zisingekuwamo.

Je, basi ripoti hazina maana? Zina maana, ila zinaulizwa swali dogo mno. Mfano mchungu uko jirani. Tundu Lissu, mwanasiasa wa upinzani wa Tanzania, alipigwa risasi Dodoma Septemba 7, 2017. Miaka saba baadaye, gazeti la Guardian la Uingereza liliripoti shauri lililofunguliwa London na Michael Clifford, mpelelezi wa zamani wa Millicom, kampuni iliyokuwa ikimiliki kampuni ya simu ya Tigo Tanzania. Kwa mujibu wa taarifa hiyo, Tigo ilikuwa ikiipatia serikali data za mahali zilipo simu za Lissu katika wiki zilizotangulia shambulio. Millicom hiyohiyo ilikuwa ikichapisha ripoti za uwazi miaka hiyo, na ilijumlisha maombi ya nchi zake za Afrika katika kapu moja. Msomaji makini kuliko wote asingemwona Lissu humo.

Watetezi wa Bujumbura wangefanya vema kuacha kuanza na namba. La kudai kwanza ni njia: ombi linaingia kwa mlango gani, limesainiwa na nani, linataja kifungu kipi, ni ofisa gani wa kampuni mwenye mamlaka ya kulikubali, na kama mtambo unaweza kufikiwa kutoka nje bila yeye kujua. Maswali hayo hayafichui upelelezi wowote unaoendelea. Serikali itasema, na si uongo, kwamba ina maadui wenye silaha. Katika shambulio la Vugizo, karibu na Gatumba, Desemba 2023, yenyewe ilitangaza vifo vya watu 20. Hata hivyo, mpelelezi anayemsaka aliyeua Vugizo hapotezi chochote kampuni ikitangaza kwamba inapokea maombi kwa maandishi tu.

Kuna pia ushahidi kwamba kampuni inaweza kukataa. Maxence Melo wa jukwaa la mtandaoni la Jamii Forums alikamatwa Dar es Salaam Desemba 2016 kwa kutokabidhi taarifa za watumiaji wake, akapambana kortini kwa miaka. Yeye, hata hivyo, alikuwa mwenye nyumba anayewatetea wageni wake. Wakurugenzi wa kampuni za simu ni waajiriwa, na haitarajiwi wengi wao wachague rumande.

Ndiyo maana Arusha ina umuhimu. Mei 15, 2015, wakati jaribio la mapinduzi likizimika Bujumbura, Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, yenye makao yake huko, ilitoa uamuzi katika shauri la chama cha wanahabari wa Burundi kuhusu sheria ya habari ya 2013, na ikaona kwamba baadhi ya vifungu vyake, kikiwamo kile cha kufichua vyanzo vya habari, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mlango huo ungali wazi kwa mkazi yeyote wa nchi mwanachama, lakini una saa yake: shauri lifunguliwe ndani ya miezi miwili tangu kitendo kinacholalamikiwa, au tangu siku mlalamikaji alipokijua. Sheria ya habari ilichapishwa, kwa hiyo siku yake ilijulikana na kila mtu. Orodha ya simu iliyochapwa kimyakimya kwenye makao ya kampuni haina siku kama hiyo, mpaka kampuni imwarifu mteja, hata kama ni baada ya upelelezi kufungwa.