Mitambo ya nyumbani ikigoma: Umeme uchunguzwe kabla ya waya wa mawasiliano

TAA inawaka yenyewe usiku wa manane, lango linakataa amri, na kompyuta inayosimamia nyumba inaandika kwamba haioni kifaa kilichokuwa kikionekana dakika tano zilizopita. Mwenye nyumba huchomoa waya wa mawasiliano na kuuchomeka tena. Mambo hutengemaa kwa muda, kisha hali hiyo hiyo hujirudia. Mara nyingi hatua inayofuata ni kwenda dukani kununua bodi mpya.

Fedha hizo aghalabu hupotea bure. Katika mitambo ya kuendesha nyumba kwa kompyuta, hitilafu nyingi zinazojitokeza kama kukatika kwa mawasiliano chanzo chake ni umeme usiotosha. Bodi mpya ikifungwa mahali pa ile ya zamani, kwa adapta ile ile na waya ule ule, itaugua ugonjwa ule ule.

Mitambo hiyo hutofautiana kwa bei na asili, lakini kwa kawaida huwa na kompyuta ndogo inayotoa amri, bodi zenye rilei ambazo ndizo swichi za kuwasha taa na pampu, na njia ya mawasiliano kati yake. Njia hiyo mara nyingi ni ya mfululizo, yaani taarifa hupita biti moja baada ya nyingine katika waya mmoja. Hata kifaa cha redio cha Zigbee au Z-Wave kinachochomekwa kwenye tundu la USB, kompyuta hukitazama kama tundu la mfululizo.

Athari zake si usumbufu tu. Amri ya kuzima pampu ikipotea njiani, tenki hufurika, au pampu huzunguka bila maji hadi iungue. Ndiyo maana tenki linaloendeshwa kwa kompyuta linapaswa bado kuwa na swichi ya boya inayokata umeme wa pampu bila kumtegemea mtu wala programu. Aidha, bodi moja ndogo ya rilei huweza kubeba volti 5 upande mmoja na, upande wa pili, volti 230 za Tanzania au 240 za Kenya, umbali wa milimita chache tu. Vipimo vinavyoelezwa hapa ni vya upande wa volti ndogo. Kazi ya upande wa umeme mkubwa ni ya fundi mwenye leseni, inayotolewa na EWURA nchini Tanzania na EPRA nchini Kenya, na swichi kuu izimwe kwanza.

Uchunguzi uanze kwenye adapta. Iliyonunuliwa au kuletwa kutoka Marekani isomwe maandishi yake kabla ya kuchomekwa: ikiandikwa volti 100 hadi 240, hertzi 50/60, haina tatizo, ikiandikwa volti 120 pekee, soketi ya Afrika Mashariki itaiunguza.

Adapta ikipimwa bila mzigo karibu kila mara husoma volti 5 kamili, na kipimo hicho hakithibitishi lolote. Mita iwekwe kwenye bodi yenyewe, mwisho wa waya, huku rilei zote zikiwa zimewashwa. Hapo ndipo wengi hushangaa. Waya wa USB wenye nyuzi nyembamba za kipimo cha 28 AWG una ukinzani wa takriban omu 0.21 kwa kila mita. Waya wa mita 2 una safari ya kwenda na kurudi, jumla mita 4, sawa na omu 0.85 hivi. Ampea 1 ikipita humo, volti 0.85 hupotea njiani na bodi hubakiwa na volti 4.15.

Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, inayotumiwa na wengi kwa kazi hii, hutoa onyo volti zinaposhuka chini ya takriban 4.63. Onyo hilo huonekana kama alama ya radi kwenye kioo, lakini kompyuta ya kusimamia nyumba kwa kawaida hukaa kabatini bila kioo, hivyo hakuna anayeliona. Amri ya vcgencmd get_throttled ndiyo hufichua siri: jibu likiwa 0x0, umeme haujashuka tangu kompyuta iwashwe, likiwa jingine, kuna la kuchunguza. Toleo la Pi 4, lililotoka mwaka 2019, linahitaji adapta ya volti 5 na ampea 3. Chaja ya simu iliyobaki nyumbani si mbadala wake, hata kama plagi inaingia.

Rilei nazo zina hesabu yake. Rilei ndogo ya volti 5 inayopatikana kwa wingi madukani ina koili ya takriban omu 70, hivyo hunywa miliampea 71 inapowashwa. Bodi yenye rilei nane zote zikiwaka hudai karibu miliampea 570, ilhali tundu la USB 2.0 limewekewa kikomo cha miliampea 500. Matokeo yake ni hitilafu yenye tabia ya ajabu: rilei sita zinafanya kazi vizuri, ya saba inatatarika, na ya nane ikiwashwa mawasiliano yote yanakatika. Mtu asiyejua hesabu hiyo atalaumu programu. Tiba ni kuzipa koili adapta yake. Bodi nyingi zina kipande kidogo cha kuunganishia kilichoandikwa JD-VCC. Kikiondolewa, koili hulishwa peke yake na amri hupita kwa mwanga ndani ya bodi, bila kugusana na umeme wa kompyuta.

Chipu ya ESP8266, iliyomo katika swichi nyingi za bei nafuu zinazotumia Wi-Fi, hutumia volti 3.3 na inaporusha mawimbi huvuta mamia ya miliampea kwa kishindo kifupi. Tundu la volti 3.3 la bodi ya Arduino Uno hutoa miliampea 50 tu. Anayeiunganisha hapo ataona chipu ikiwaka, ikijaribu kuingia kwenye mtandao, ikizima na kuanza upya bila kikomo, huku kwenye kioo herufi zikikatika katikati. Adapta ya kutosha na kapasita ya kutuliza umeme karibu na chipu huondoa tatizo hilo.

Umeme kukatika na kurudi ni jaribio jingine. Baadhi ya pini za chipu hizo hupanda volti kwa muda mfupi wakati wa kuwaka, kabla programu haijashika usukani. Rilei ikiwa imefungwa kwenye pini ya namna hiyo, pampu au lango hushtuka kila umeme unaporejea. Fundi mwangalifu huchagua pini zinazotulia, na huitazama bodi ikiwaka mara kadhaa kabla ya kuunganisha injini yoyote.

Tatizo hilo si geni. Mfumo wa X10, uliobuniwa mwaka 1975 na kampuni ya Pico Electronics ya Glenrothes, Scotland, ulipitisha amri ndani ya nyaya zile zile za umeme wa nyumba. Kiunganishi chake cha CM11A kiliwasiliana na kompyuta kwa mfululizo, kwa kasi ya baudi 4800. Umeme ulipokatika na kurudi, kiunganishi hicho kilituma baiti A5 tena na tena, kikidai kupewa saa. Programu isiyojua kujibu dai hilo ilikiona kama kifaa kilichoharibika, na bila shaka wapo waliokitupa kikiwa kizima.

Umeme ukishathibitishwa ndipo zamu ya waya wa mawasiliano ifike. Jambo la kwanza ni waya wa pamoja, ule wa volti sifuri. Vifaa viwili vyenye adapta tofauti ambavyo havikuunganishwa kwa waya huo havina kipimo kimoja cha kusomea volti, na taarifa hufika leo na kupotea kesho. Wanaoanza huunganisha waya wa kutuma na wa kupokea, wakausahau wa tatu.

La pili ni aina ya volti. Kiwango cha RS-232, kilichotolewa kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1960, huiwakilisha biti ya 1 kwa volti hasi, kati ya 3 na 15, na biti ya 0 kwa volti chanya za kadiri hiyo. Chipu ndogo za kisasa hutumia sifuri na 3.3, au sifuri na 5. Tundu la RS-232 likiunganishwa moja kwa moja na chipu hizo, chipu huweza kufa papo hapo. Kati yake sharti pawepo kigeuzi, kwa mfano chipu ya familia ya MAX232.

Mita ya kawaida inatosha kutambua mambo mengi. Katika plagi ya pini 9 ya kompyuta, pini ya 2 hupokea, ya 3 hutuma na ya 5 ni ya pamoja. Mstari ukiwa kimya, pini inayotuma husoma volti hasi, kwa kawaida kati ya 5 na 12, ikilinganishwa na pini ya 5. Vifaa viwili vikisoma hasi kwenye pini ile ile, vyote vinatumia waya mmoja na hakuna anayesikiliza. Unahitajika waya uliopishanisha pini ya 2 na ya 3. Pini ya kutuma ikisoma sifuri, tundu limekufa au halijawashwa.

Kuna jaribio jingine lisilogharimu chochote. Waya hutolewa kwenye kifaa, pini ya 2 na ya 3 za upande wa kompyuta zikaunganishwa kwa kipande cha waya, kisha herufi zikaandikwa katika programu ya mawasiliano huku udhibiti wa mtiririko na mwangwi wa programu yenyewe vikiwa vimezimwa. Herufi zikirudi kwenye kioo, kompyuta na kigeuzi chake ni vizima, na hitilafu iko mbele. Zisiporudi, hakuna haja ya kufungua kifaa kilichoko ukutani.

Herufi zinazofika zikiwa takataka ni habari njema kwa kiasi fulani, kwani maana yake ni kwamba umeme na nyaya vinapitisha kitu. Kinachotofautiana mara nyingi ni kasi. Kwa baudi 9600 na mpangilio wa kawaida, kila baiti huchukua biti 10, hivyo baiti 960 hupita kwa sekunde. Upande wa pili ukihesabu kwa kasi nyingine, unasoma ovyo. ESP8266 ina kituko chake: katika bodi nyingi ujumbe wake wa kwanza hutoka kwa baudi 74880, kisha programu huendelea kwa 115200. Takataka za mwanzoni tu si ugonjwa. Zikijirudia kila baada ya sekunde chache, chipu inaanza upya, na uchunguzi unarudi kwenye adapta.

Kwa kuwa kompyuta nyingi za leo hazina plagi ya pini 9, vigeuzi vya USB vimechukua nafasi yake na kuja na matatizo yake. Oktoba 2014 kampuni ya FTDI ya Scotland ilitoa programu kiendeshi iliyosambazwa kupitia masasisho ya Windows, ambayo iliziandika upya chipu bandia namba ya utambulisho kuwa sifuri, kompyuta zikaacha kuzitambua. Walioumia zaidi ni wanunuzi ambao hawakujua kwamba walichonunua ni bandia. Programu hiyo iliondolewa baada ya malalamiko, lakini chipu bandia zingali sokoni. Aidha, kigeuzi kikihamishiwa tundu jingine, Windows huweza kukipa namba mpya ya COM huku programu ya nyumba ikiendelea kuita ya zamani. Katika Linux, mtumiaji asiye mwanachama wa kundi la dialout hukataliwa kulifungua tundu hata kama kila kitu ni kizima.

Arduino Uno huanza upya kila programu inapofungua tundu lake la mfululizo. Imeundwa hivyo kurahisisha upakiaji wa programu. Anayeitumia nyumbani asubiri sekunde mbili hivi kabla ya kutuma amri ya kwanza, la sivyo itamezwa.

Kifaa cha Zigbee nacho huzibwa masikio na jirani. Matundu ya USB 3.0 hutoa kelele katika eneo la gigahertzi 2.4, ambalo ndilo Zigbee hutumia. Kampuni ya Intel ilieleza jambo hilo katika waraka wa mwaka 2012. Waya wa kurefusha wa mita 1 au 2, kuelekea tundu la USB 2.0, hurudisha balbu zilizodhaniwa kuwa zimekufa.

Lango lililo mbali na nyumba ndilo gumu kuliko yote. RS-232 haikukusudiwa kuvuka mita 15 hivi; umbali huo ni wa RS-485, ambayo kwa nyaya mbili zilizosokotwa pamoja na kasi ndogo hufika mita 1,200. Rezista ya omu 120 huwekwa kwenye ncha mbili za mstari, wala si kwenye kila kifaa. Watengenezaji hawakubaliani ipi iitwe A na ipi B, hivyo mstari ukiwa kimya kabisa, kubadilishana nyaya hizo mbili ni jaribio halali lisilodhuru. Kinachodhuru ni tofauti ya volti kati ya ardhi ya nyumba na ya lango: chipu za kawaida za RS-485 huvumilia kati ya hasi 7 na chanya 12 tu, na radi ikipiga karibu huivuka mipaka hiyo kwa mbali. Kwa mstari unaotoka nje ya ukuta, kigeuzi chenye kutenganisha umeme wa pande mbili pamoja na kinga ya radi iliyofungwa kwenye ethi nzuri ni sehemu ya mtambo tangu siku ya kwanza. Chipu ya lango iliyoungua mara ya pili baada ya mvua haihitaji mrithi wa tatu kabla ya ethi hiyo kupimwa.