Tetemeko, udongo na fomula ya mstari mmoja

Leo naweka Java kando kidogo. Kaka yangu wa Kitale amepata kiwanja Bungoma, bondeni karibu na mto, na anataka kupandisha ghorofa. Nikamuuliza kuhusu matetemeko, akacheka: "Hayo ni mambo ya Bonde la Ufa, bwana."

Kwanza historia. Tarehe 6 Januari 1928, tetemeko la ukubwa wa 6.9 lilipasua ardhi kule Subukia. Kutoka hapo hadi Kitale ni kama kilomita 170 tu. Upande wa pili, Toro nchini Uganda ilitikiswa mwaka 1966, na Bukoba mwaka 2016. Sisi tuko katikati.

Halafu umbali si kila kitu. San Francisco ilipobomoka mwaka 1906, ripoti ya Andrew Lawson ya 1908 ilionyesha kwamba ardhi ya kujaziwa ilitikisika vibaya kuliko vilima vya mwamba. Mji wa Mexico, 19 Septemba 1985, ulikuwa zaidi ya kilomita 350 kutoka kwenye kitovu, lakini maelfu walikufa. Sehemu ya mji ule imekalia tope la ziwa la kale.

Kwa nini? Wimbi likitoka kwenye mwamba na kuingia udongo laini, mwendo hupungua na mtikisiko hukua. Tena udongo una mdundo wake, kama bembea:

mdundo = 4 x kina / mwendo wa wimbi

Tope la Mexico: kina mita 40, mwendo mita 80 kwa sekunde. Jibu ni sekunde 2. Jengo lenye mdundo unaokaribia huo husukumwa kila linaporudi, ndiyo maana ghorofa za kati ziliumia kuliko nyumba fupi.

Nikaandika programu ndogo, nikajaribu udongo wa mita 10, mwendo 200. Sekunde 0.2. Kwa makadirio ya sekunde 0.1 kwa kila ghorofa, hilo ni jengo la ghorofa mbili! Kumbe udongo usio na kina kirefu nao una wahanga wake, yaani nyumba zetu za kawaida.

Nikamtumia kaka matokeo. Jana amepiga simu: amechimba futi kumi na mbili, bado ni udongo mweusi tu. Fundi ameambiwa asubiri, injinia aje apime kwanza.

Na wewe, chini ya msingi wako kuna nini?