Mifupa ya Ishango: namna elimu inavyotafuta ukweli

Mtu akitoka Kasindi na kushuka upande wa ziwa Edouard, safari si ndefu mpaka Ishango. Pale mto Semliki unatoka ziwani na kuanza mwendo wake wa kwenda ziwa Albert. Wenyeji wanapajua kwa sababu ya samaki na viboko. Wenye elimu wa inchi nyingi wanapajua kwa sababu nyingine: mifupa iliyolala ndani ya udongo wa ukingo wa mto.

Shuleni tunalisikia mara nyingi neno sayansi, nasi twafikiri ni mzigo wa habari za kukariri tu. Sivyo. Sayansi ni kwanza njia ya kutafuta ukweli wa vitu vinavyoonekana. Habari za Ishango zinaifundisha njia hiyo vizuri, tena kwa mambo ya inchi yetu wenyewe. Ndiyo sababu nataka kuzieleza hapa kwa ajili ya waseminari, na kwa makatekista wanaoulizwa maswali mengi na vijana wa leo.

I. Kuangalia kabla ya kusema

Mwaka wa 1935 alifika katika inchi hii Hubert Damas, mjuzi wa viumbe vya maji kutoka Ubelgiji. Alitumwa na shirika la Parke za Kongo ya wakati ule kuchunguza maziwa. Parke yenyewe ilianzishwa mwaka wa 1925 kwa jina la Parke Albert. Tangu mwaka wa 1969 inaitwa Virunga. Damas alikuja kwa ajili ya maji, lakini macho yake hayakufungwa kwa mambo mengine. Karibu na Semliki aliona matabaka ya udongo yenye mifupa ya kale, naye akaandika aliyoyaona.

Mwaka wa 1950 mwenzake Mbelgiji, Jean de Heinzelin, mjuzi wa mawe na udongo, alikuja kuchimba Ishango. Hakuchimba kama mtu atafutaye dhahabu, anayetupa udongo huku na huku. Alifuata tabaka moja baada ya lingine, akiandika kila kitu kilipotoka. Kwa nini? Kwa sababu udongo unaolala chini umelala pale kwanza, na ule wa juu umekuja baadaye. Mtu akichanganya matabaka amekwisha kupoteza habari, hata akijaza sanduku zima la mifupa.

Humo alikuta mifupa ya watu, ya samaki na ya wanyama, pamoja na mawe ya kusagia. Alikuta pia chusa, ndizo ncha za mikuki ya kuvulia samaki, zilizochongwa kwa mfupa na kutiwa meno ubavuni. Na juu ya makao hayo ya kale yalikuwako majivu ya volkano. Basi, kabla ya kusema neno lolote kubwa, alikuwa na vitu vya kuonyesha, na pahali pa kila kitu. Huo ndio mwanzo wa elimu.

II. Kukisia, na kukubali kuulizwa

Katika vitu hivyo kulikuwa na mfupa mmoja mdogo, urefu wake kama sentimeta 10, wenye kipande cha jiwe gumu kilichopachikwa kwenye ncha. Mfupa huo una alama nyingi zilizokatwa kwa safu 3. Safu moja ina mafungu ya alama 9, 19, 21 na 11. Ya pili 19, 17, 13 na 11. Jumla ya kila moja ya safu hizo ni 60. Safu ya tatu ina mafungu 8, na jumla yake ni 48. Alama zote pamoja ni 168.

Hapa tuangalie vizuri. Kwamba mfupa una alama, hilo kila mtu mwenye macho analiona. Kwamba alama hizo zina maana fulani, hilo ni kisio. De Heinzelin mwenyewe alifikiri kwamba watu wa Ishango walikuwa wakicheza na hesabu. Baadaye Alexander Marshack, Mmarekani, alizichunguza alama na kusema labda ni hesabu ya siku za mwezi. Wengine wakajibu kwamba labda zilikatwa tu ili mkono ushike vizuri, mfupa usiteleze.

Nani ana haki? Kisio jema ni lile linalokubali kujaribiwa. Mtu akisema, «Hii ni hesabu ya mwezi», tunamwuliza: «Tungeona nini kama ungekuwa umekosea?» Asipoweza kujibu, maneno yake yanaweza kuwa matamu, lakini si elimu bado. Kwa mfupa huu mabishano hayajaisha.

Nawaomba vijana wetu wavumilie neno hili. Siku hizi wengi wanasema kwa furaha kubwa kwamba hesabu zote za ulimwengu zilizaliwa Ishango. Naelewa furaha yao, maana kwa muda mrefu wageni walisema kwamba wazee wetu hawakujua kitu. Lakini uwongo wa mgeni hauponywi kwa kutia chumvi yetu. Tuseme lile tunaloweza kulionyesha: kando ya Semliki, zamani sana, watu walikata alama kwa mafungu na kwa uangalifu. Hilo peke yake ni jambo kubwa.

III. Kupima, na kusahihisha

Sasa tuulize: zamani gani? Hapa kuna somo kubwa kuliko yote.

Mwaka wa 1949 Mmarekani Willard Libby na wenzake walionyesha namna ya kupima umri wa vitu vilivyokuwa na uhai. Kila kiumbe hai kinaingiza mwilini kitu kiitwacho karboni, na sehemu ndogo sana ya karboni hiyo inapungua polepole kwa kipimo kinachojulikana: baada ya miaka 5,730 inabaki nusu. Kiumbe kikifa hakiingizi karboni nyingine. Kwa hiyo, ukipima iliyobaki, unaweza kuhesabu miaka tangu kilipokufa. Kwa kazi hiyo Libby alipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1960.

Walipopima kwa njia hiyo maganda ya konokono wa Ishango, walipata umri wa zaidi ya miaka 20,000. De Heinzelin hakuukubali. Wala hakukataa kwa ukaidi. Alikuwa na sababu nzuri. Katika inchi ya volkano, maji ya ziwa yanaweza kuwa na karboni ya kale sana iliyotoka ndani ya dunia. Konokono anayeishi katika maji hayo anajenga ganda lake kwa karboni hiyo, na akipimwa anaonekana mzee hata kama alikufa jana. Ni kama mtu anayejenga nyumba mpya kwa matofali ya nyumba ya babu yake: ukitazama matofali tu, utakosea umri wa nyumba. Kwa hiyo yeye alikadiria umri mdogo zaidi, na kwa muda wa miaka mingi vitabu vikafuata kadirio lake.

Katika miaka ya 1980 wachunguzi wengine walirudi Semliki, na kati yao Alison Brooks na John Yellen, Wamarekani. Walichimba tena na kutumia njia zaidi ya moja ya kupima. Walikuta kwamba makao ya Ishango ni ya kale kweli, kadiri ya miaka 20,000 au zaidi. Huko Katanda, kando ya mto uleule, walikuta chusa nyingine za mfupa pamoja na mifupa ya samaki wakubwa aina ya kambare. Mwaka wa 1995 walitangaza kwamba chusa hizo zina umri wa kadiri ya miaka 90,000. Wenye elimu wengi walikuwa wakifikiri kwamba vyombo vya namna hiyo vilianza Bulaya, tena nyakati za karibu zaidi. Wengine walileta maswali, na maswali hayo ni sehemu ya kazi.

Je, de Heinzelin alikuwa mjinga? Hapana. Shaka yake ilikuwa na haki, ingawa kadirio lake lilikosea. Aliacha maandiko na vitu vyenyewe, hata wengine wakaweza kumsahihisha. Mtu anayeficha namna alivyofanya kazi hawezi kusahihishwa, na kosa lake linabaki kwa watoto na wajukuu.

IV. Ziwa la kale na ziwa la leo

Mifupa ya Ishango inatueleza pia habari za ziwa. Kati ya mifupa ya samaki wa kale imo ya samaki mkubwa tunayemwita kapiteni, ambaye ndugu zetu wa Tanzania wanamwita sangara. Leo kapiteni yuko ziwa Albert, lakini hayuko ziwa Edouard. Alikufa kwa nini? Wengine wametaja majivu ya volkano, wengine ukame. Na kwa nini hakurudi? Tazama njia ya Semliki: kati ya maziwa hayo mawili kuna maporomoko, na samaki hapandi kwa urahisi. Basi ziwa si kitu kisichobadilika. Kilichojaa leo chaweza kukosekana kesho.

Jambo hili linatugusa. Katika miaka ya 1970 walihesabu katika Parke zaidi ya viboko 25,000, wengi kando ya ziwa Edouard na mito yake. Vita vilipokuja, watu wenye bunduki waliwaua kwa ajili ya nyama na meno, na hesabu ya mwaka wa 2005 haikufika 1,000. Baadaye wakaongezeka tena kidogo.

Wavuvi wa Kyavinyonge na Vitshumbi wanalalamika kwamba samaki wamepungua. Wengi wanasema: «Viboko wamekwisha, ndiyo maana samaki wamekwisha.» Kisio hili lina msingi. Kiboko anakula majani inchi kavu usiku, na mchana anaacha kinyesi majini. Kinyesi hicho kinalisha vijidudu na mimea midogo, na samaki wanapata chakula. Lakini tukumbuke somo la konokono. Katika miaka ileile mitumbwi iliongezeka, nyavu zenye macho madogo zilikamata samaki wachanga, na pahali pa kuzalia palivuliwa. Mambo mawili yakitokea pamoja, haifuati kwamba moja ni mzazi wa lingine. Yawezekana sababu ni nyingi, kila moja na sehemu yake.

Tofauti hiyo si mchezo wa wenye kusoma. Mvuvi akisema kosa ni la viboko peke yake, ataendelea na wavu wake mbaya. Mlinzi wa Parke akisema kosa ni la wavuvi peke yao, atasahau ng'ambo yote ya ziwa iliyopoteza wanyama wake. Kila mmoja atakuwa na nusu ya neno, na watoto watakosa mboga.

V. Kazi yetu

Sisi tufanye nini? Hatuna vyombo vya kupima karboni. Lakini daftari na kalamu tunazo. Gregor Mendel, mtawa wa Mtakatifu Augustino, alipanda njegere katika bustani ya monasteri yake kule Brno, akahesabu kwa miaka 8, toka 1856 mpaka 1863. Kwa kuhesabu kwa uaminifu alifunua namna mimea inavyorithi umbo la wazazi.

Katekista wa kando ya ziwa anaweza kuandika siku mvua ilipoanza, maji yalipofika, samaki gani walipatikana na kwa wavu wa namna gani. Aandike na siku mbaya na siku njema, wala asichague zile zinazopendeza wazo lake. Baada ya miaka 10 daftari hiyo itakuwa na thamani kuliko hotuba nyingi.

Na mwalimu akiwapeleka vijana Ishango, asiwaambie kwanza wajivune. Awaambie waangalie ukingo wa mto, tabaka kwa tabaka, na kila mmoja aeleze anachokiona kabla ya kueleza anachokifikiri. Mfupa wenye alama 168 umehifadhiwa leo Brussels, mbali na watoto wa Kasindi. Lakini mto uko palepale, na njia ya kuuliza ni ya kila mtu.