Ukumbi wa Nkrumah Ukitazamwa Kutoka Ubwari

Katika miji na vijiji vya Fizi, mashariki mwa Kongo, mahali pa mambo yote ni kiwanja cha mpira. Jioni vijana hucheza hapo. Kanisa lisipowatosha waumini siku ya sikukuu, ibada huhamia hapo. Wanasiasa huja hapo kuomba kura, na katika miaka ya vita ndipo watu walipopanga foleni kupokea unga na maharage. Hakuna anayeuliza kiwanja ni cha nani mpaka siku mtu atakapozuiliwa kuingia.

Vyuo vikuu vingi duniani vilijenga mahali pa namna hiyo, vikapawekea paa: jengo moja la michezo, mahafali, mihadhara, usajili na mikutano. Historia ya majengo haya huandikwa sana kwa idadi ya viti na majina ya mabingwa. Mimi naona yanaeleweka vizuri zaidi ukisimama mlangoni na kutazama nani anaingia, nani anasemeshwa, nani anarudishwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko mbali nasi, jimbo la Alabama, Marekani. Chuo Kikuu cha huko kilijenga Foster Auditorium mwaka 1939, na kwa miaka mingi mpira wa kikapu, mahafali, muziki na usajili wa wanafunzi vyote vilifanyika ndani yake. Tarehe 11 Juni 1963 gavana George Wallace alisimama mlangoni mwa jengo hilo ili Vivian Malone na James Hood, vijana wawili weusi, wasiingie kujiandikisha. Rais Kennedy aliwaweka askari wa akiba wa jimbo chini ya amri ya serikali kuu, na siku hiyohiyo Wallace akaondoka mlangoni. Malone alihitimu mwaka 1965. Leo uwanja ulio mbele ya jengo hilo una majina ya Malone na Hood, si la gavana.

Kongo yetu nayo ina kurasa zake, na ni nzito. Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa Kinshasa mwaka 1954. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa chuo hicho walipoandamana mjini, askari waliwapiga risasi. Mwaka 1971 Rais Mobutu aliwaingiza wanafunzi jeshini kwa nguvu, kisha akaviunganisha vyuo vikuu vyote kuwa chuo kimoja cha taifa. Usiku wa tarehe 11 Mei 1990 kampasi ya Lubumbashi ilivamiwa na wanafunzi wakauawa. Kwa kizazi kizima, mwanafunzi aliyetoka Fizi kwenda kusoma Bukavu au Lubumbashi alijua kwamba mahali pa kukusanyika ndipo pa kukamatwa. Ndiyo maana, ukitafuta ukumbi wa chuo kikuu uliogusa maisha ya watu wa Ubwari, rasi yetu ya Fizi, unalazimika kuvuka Ziwa Tanganyika.

Chuo cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba. Jina la mtaa huo lilitoka kwetu, la kiongozi aliyeuawa Januari mwaka huohuo. Mwaka 1964 chuo kilihamia kwenye kilima ambacho watu wanakiita Mlimani mpaka leo, na kati ya majengo yaliyoinuliwa hapo ni Ukumbi wa Nkrumah. Paa lake ni la umbo la pekee kiasi kwamba picha yake ilichapwa kwenye noti ya shilingi 500, kwa hiyo hata wavuvi na wafanyabiashara wa Kigoma ambao hawajafika Mlimani wameushika mkononi. Sijui chuo kingine katika eneo letu ambacho ukumbi wake umepita katika masoko mengi namna hiyo.

Siku zake za mwanzo hazikuwa za utulivu. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga Jeshi la Kujenga Taifa la lazima na makato ya mishahara yaliyoambatana nalo. Rais Nyerere aliwafukuza karibu mia nne, na siku hiyohiyo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha la siasa ya ujamaa, na Mlimani ikabadilika. Walter Rodney wa Guyana alifundisha historia hapo, akaondoka, akarudi mwaka 1969 na kukaa hadi 1974. Kitabu chake kuhusu Ulaya kuidhoofisha Afrika kilitoka mwaka 1972 akiwa mwalimu wa chuo hicho. Wanafunzi waliunda chama cha kimapinduzi cha USARF chini ya Yoweri Museveni wa Uganda, wakatoa jarida waliloliita Cheche. Mwaka 1970 serikali ilivipiga marufuku vyote viwili. Mwaka uliofuata, Symonds Akivaga, Mkenya aliyeongoza wanafunzi, aliandika barua ya wazi ya kuukosoa uongozi wa chuo, na polisi wakaja kumchukua Mlimani kwenyewe.

Nayataja haya kwa sababu sifa ya Mlimani husimuliwa kana kwamba kila mtu alisema alichotaka. Mgeni aliyetoka Msumbiji, Afrika Kusini au Karibea alikuta mlango umefunguliwa kwa moyo mweupe, na Afrika nzima inadaiwa shukrani na ukumbi ule. Mwanafunzi wa hapohapo alipaswa kupima maneno yake.

Juni 1974 ndiyo kilele. Kongamano la Sita la Umoja wa Waafrika lilikutana katika Ukumbi wa Nkrumah kuanzia tarehe 19 hadi 27. Makongamano yaliyotangulia yalifanyika Ulaya na Marekani. La tano lilikuwa Manchester mwaka 1945, na Kwame Nkrumah wa Ghana mwenyewe alikuwa kati ya waandaaji. Hili lilikuwa la kwanza katika ardhi ya Afrika, na lilifanyika chini ya jina la mtu aliyefariki ugenini, Bucharest, miaka miwili kabla. Nyerere alilifungua. Lakini C.L.R. James, mwandishi mzee wa Trinidad aliyekuwa mstari wa mbele katika kuliitisha, hakuja: serikali za Karibea zilikuwa zimeshinikiza vikundi vya upinzani vya nchi zao visikaribishwe, naye akagoma kuketi mahali ambapo wenzake walifungiwa nje. Naona alifanya sawa, ingawa kongamano lilipungukiwa sana kwa kumkosa.

Miezi minne baadaye, tarehe 30 Oktoba 1974, dunia iligeuza macho kuitazama Kinshasa, kwenye Uwanja wa 20 Mai, Muhammad Ali alipomwangusha George Foreman. Uwanja huo ulijengwa na Wabelgiji mwaka 1952 ukiwa na jina la mfalme wao. Mobutu alitaka Afrika ionekane, Nyerere alitaka Afrika izungumze. Wazee wetu wanaokumbuka mwaka ule wanakumbuka zaidi lile pambano, na hakuna wa kuwalaumu, kwa sababu ngumi zilitangazwa redioni. Hata hivyo maisha ya Fizi yaliguswa zaidi na upande wa Dar es Salaam.

Ubwari imekuwa jirani ya mwambao wa Kigoma tangu kabla ya mpelelezi Mwingereza Burton kuivukia mwaka 1858 na kuiandika kuwa kisiwa, ilhali ni rasi. Aprili 1965 mwanamapinduzi Che Guevara alitoka Kigoma kwa boti akashuka Kibamba, upande wetu, kupigana pamoja na waasi wa Kongo, na Novemba akarudi kwa njia ileile akiwa ameshindwa. Kumbukumbu za vita hivyo aliziandika Dar es Salaam. Mwaka huohuo wanajeshi wa kukodiwa wa Mike Hoare, waliopigania serikali, walitua Baraka. Laurent Kabila alianzisha chama cha waasi cha PRP mwaka 1967 katika milima ya Fizi, kituo chake kikiwa Hewa Bora, huku yeye mwenyewe akiishi kwa vipindi virefu Dar es Salaam. Mei 1975 watu wake waliwateka wanafunzi watatu wa Chuo Kikuu cha Stanford pamoja na mwenzao Mholanzi huko Gombe, upande wa Tanzania, wakawavusha ziwa. Mazungumzo ya kuwakomboa yalifanyika Dar es Salaam. Hivyo maneno ya ukombozi yaliyosemwa kwa ufasaha Mlimani yalifika kwetu yakiwa na bunduki, na watu wa Hewa Bora walikuwa na haki ya kusikilizwa katika ukumbi ule kama wajumbe wengine.

Mtu mmoja anaunganisha pande hizi mbili kwa namna inayoumiza. Ernest Wamba dia Wamba, Mkongomani wa magharibi, alianza kufundisha historia Mlimani mwaka 1980. Aliandika na kuhutubia juu ya mjadala wa wazi, ule wa watu kuketi na kusemezana mpaka waelewane. Agosti 1998 akawa kiongozi wa kundi la waasi la RCD. Siku za mwisho za mwaka huo na za kwanza za 1999, raia wengi waliuawa Makobola, ndani ya Fizi, na ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010 inawataja wapiganaji wa RCD na wenzao. Wamba alitengana na wakubwa wa RCD waliokuwa Goma mwaka 1999 na kufariki Kinshasa mwaka 2020. Sitaki kumfanya mtu mmoja abebe yote. Lakini msomi wa Fizi anayesoma maandishi yake kuhusu mjadala hawezi kuisahau Makobola, na hapaswi kuombwa aisahau. Waliokimbia walivuka ziwa, na wengi wao walikwenda Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 huko Kasulu.

Ukumbi wenyewe umeendelea. Kigoda cha Mwalimu Nyerere, nafasi ya kitaaluma ya chuo hicho ambayo mshika kiti wake wa kwanza alikuwa Issa Shivji, kiliurudishia mihadhara mikubwa: Wole Soyinka mwaka 2009, Samir Amin mwaka uliofuata. Lakini umati mkubwa umehamia kwingine. Mwaka 2006 Mlimani City ilifunguliwa juu ya ardhi ya chuo, ikiendeshwa na kampuni ya Botswana, ikiwa na maduka na ukumbi mkubwa wa kukodisha. Huko ndiko chama cha upinzani cha CHADEMA kilikokutana Januari 2025, kikapiga kura ya kumchagua mwenyekiti, na Tundu Lissu akamshinda Freeman Mbowe kwa kura 513 dhidi ya 482. Ni jambo la heshima kwa siasa za eneo letu. Ila mlango wa huko unafunguliwa na ankara, na kikundi cha wanafunzi chenye hoja nzito na mfuko mtupu hakiwezi kuukodi.

Vyuo vya Baraka, Fizi na Uvira navyo siku moja vitajenga kumbi zao, hata ziwe za mabati na sakafu ya saruji yenye mistari ya mpira wa kikapu. Kabla msingi haujachimbwa, iandikwe na kubandikwa mlangoni: nani anaweza kuomba ukumbi, nani ana mamlaka ya kumkatalia na kwa sababu gani, na mwanafunzi au mama wa sokoni atalipa kiasi gani kwa siku.