Wi-Fi ya bure: Mambo 6 ya kufanya kabla hujaunganisha laptopu

Kwa wakazi wengi wa Ringwani, mkoani Mara, intaneti ni bando la simu. Lakini ikifika siku ya kuomba mkopo HESLB, kutuma maombi ya kazi Ajira Portal au kupakia vyeti, kioo cha simu kinakuwa kidogo. Hapo mtu anabeba laptopu, anakwenda Mugumu au Tarime mjini na kutafuta gesti au mgahawa wenye Wi-Fi ya bure.

Ndani ya maombi hayo kuna namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa na namba ya akaunti ya benki. Vikiibwa, kubadili nenosiri hakutoshi. Namba ya NIDA haibadilishwi kama laini ya simu.

Hatari iko wapi?

Mwaka 2010, Mmarekani Eric Butler alitoa programu iitwayo Firesheep. Aliyekuwa nayo aliweza kukaa mgahawani na kuingia Facebook ya jirani yake, mradi wote wako kwenye Wi-Fi moja isiyo na nenosiri. Alitaka kuonyesha udhaifu uliokuwepo.

Tangu hapo tovuti kubwa zimehamia HTTPS, mfumo unaofunga mawasiliano kwa siri. Anayenasa mawimbi anaweza kujua umetembelea tovuti gani, ila hasomi ulichoandika.

Kwa hiyo njia nyepesi kwa mwizi leo ni kukuvuta uingie kwenye mtandao wake. Mwaka 2024, polisi wa Australia walimfungulia mashtaka mwanaume wa miaka 42 kwa tuhuma za kufungua Wi-Fi feki kwenye viwanja vya ndege vya Perth, Melbourne na Adelaide, na hata ndani ya ndege. Jina la mtandao lilifanana na la kweli. Walioingia walipelekwa kwenye ukurasa unaodai taarifa za barua pepe au za mitandao ya kijamii.

Mbinu hii haihitaji mtambo mkubwa. Hata hotspoti ya simu unaweza kuipa jina lolote.

Fanya hivi

1. Uliza jina kamili la mtandao. Mwambie mhudumu akuandikie. Ukiona majina mawili yanayofanana, usijiunge na lolote mpaka upate uhakika.

2. Usitoe siri kwenye ukurasa wa kuingilia. Kuombwa vocha au namba ya chumba ni kawaida. Ukiombwa nenosiri la barua pepe au PIN ya M-Pesa au Airtel Money, funga na uondoke.

3. Ficha laptopu yako. Kwenye Windows, fungua mipangilio ya Wi-Fi uliyojiunga nayo, chagua "Public network". Kompyuta nyingine kwenye mtandao huo hazitaiona yako. Kwenye Mac, zima "File Sharing".

4. Soma anwani yote ya tovuti. Tovuti za serikali ya Tanzania huishia na .go.tz. Anwani yenye "go-tz" katikati halafu inaishia .com si ya serikali. Alama ya kufuli haitoshi, maana hata tovuti ya tapeli inaweza kuwa nayo. Na kivinjari kikikuonya kwamba muunganisho si salama, usilazimishe kuendelea.

5. Apdeti laptopu kabla ya safari. Mwaka 2017, mtafiti Mathy Vanhoef wa Chuo Kikuu cha KU Leuven, Ubelgiji, alionyesha udhaifu uliogusa hata Wi-Fi zenye nenosiri. Dawa ilikuja kupitia masasisho. Washa pia uthibitishaji wa hatua mbili kwenye barua pepe yako, ili nenosiri peke yake lisimtoshe mwizi.

6. Ukimaliza, toka kwenye akaunti. Kisha bonyeza "Forget" kwenye jina la mtandao huo. Usipofanya hivyo, laptopu inaweza kujiunga yenyewe siku nyingine na mtandao wowote wenye jina kama hilo.

Kwa mambo nyeti, tumia hotspoti yako

Kujaza fomu ya mkopo au kuangalia salio la benki hakuli bando kubwa. Washa hotspoti ya simu yako, iwekee nenosiri refu, kisha unganisha laptopu. Kwenye Windows, washa "Metered connection" ili masasisho makubwa yasikumalizie bando kimyakimya. Wi-Fi ya bure iachie kazi za kupakua video na vitabu.

Vipi kuhusu VPN?

VPN hufunga mawasiliano yako yote kuanzia kwenye laptopu, hivyo mwenye Wi-Fi haoni unachofanya. Lakini Tanzania ina utaratibu wake: Oktoba 2023, TCRA iliwataka watu na kampuni zinazotumia VPN kutoa taarifa zake kabla ya tarehe 30 mwezi huo. Fuata utaratibu kwanza. Kuwa makini pia na VPN za bure, kwa sababu mawasiliano yako yote yanapita mikononi mwa mmiliki wake.

Ukihisi umeshaingia mtegoni

Kata Wi-Fi mara moja. Kwa kutumia data ya simu, badili nenosiri la barua pepe kwanza, kwani ndiyo inayofungua akaunti nyingine, kisha toa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti hiyo. Pigia benki au mtandao wako wa simu, halafu nenda polisi. Kunasa mawasiliano ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Ukianza kupokea SMS za kitapeli, zitume kwenda namba 15040.