Safu ya Lugha: Waifai si Intaneti

Hunikera kuwasikia watu, hata walio wajuzi, wakisema "nimenunua waifai" ilhali walichonunua ni kifurushi cha intaneti. Jina Wi-Fi, lililobuniwa mwaka 1999 kwa madhumuni ya biashara, lahusu mawasiliano ya redio baina ya chombo na ruta iliyo karibu nacho; kwa hiyo mwenye kompyuta ya mezani ya zamani, aichomekapo adapta ya USB au kuipachika kadi kwa ndani, huwa ameipatia njia ya kujiunga bila waya, wala hajaipatia intaneti, na ruta ikiwa haina huduma hiyo hatapokea hata barua pepe moja. Wasemao "pasi waya" badala ya "waifai" wamesibu, ila maana ya neno hilo ni pana zaidi, kwani Bluetooth nayo haina waya.